Jogoo wa Kamati

Mpaka leo wako watu Mbeya wanaosema nilimuuza mume wangu kwa nyumba ya vyumba viwili. Nikienda msibani kule Ilomba wananipa mkono vizuri, wananiuliza habari za watoto, halafu nikigeuka namsikia mmoja anamnong'oneza mwenzake kwamba huyu ndiye aliyeivunja timu. Basi na mimi niseme, maana wao wameshasema vya kutosha. Timu ile haikuvunjwa na mwanamke. Ilivunjwa na ubahili.

Miaka hiyo ya sabini mume wangu alikuwa kibarua katika karakana moja ya malori. Kibarua, si mwajiriwa: kazi ikiwepo anaitwa, isipokuwepo anarudi nyumbani. Lakini jioni, kwenye uwanja wa saruji nyuma ya karakana, mambo yaligeuka. Karakana ilikuwa na timu ya mpira wa kikapu, na timu ilikuwa ni yeye. Alikuwa mrefu mno. Mpira ukigonga ubao wenzake walikuwa bado wanautazama, yeye ameshaushika. Watu walitoka Mwanjelwa kwa miguu kuja kumwona, na wakirudi walikuwa wanamtaja kana kwamba ni ndugu yao.

Urefu huohuo ulikuwa taabu nyumbani. Tulipanga chumba kimoja Ilomba, mlango wake mfupi. Asubuhi akitoka anainama, jioni akirudi anainama, na siku akisahau kinasikika kishindo, nyumba nzima ya wapangaji inacheka. Mvua ya Mbeya mnaijua. Ikinyesha tulikuwa tunasogeza kitanda kutoka kona hii hadi ile tukitafuta pasipovuja, na mimi tumbo limeshakuwa kubwa, mimba ya kwanza.

Na kota ilikuwepo. Hilo ndilo linaloniunguza. Ndani ya uzio wa karakana palikuwa na kota ya vyumba viwili, bati zima, haina mtu. Waliweka humo matairi mabovu. Matairi yalikuwa yanalala pakavu kuliko mimi.

Mechi ikiisha timu nzima ilihamia kwangu. Shemeji, tuna njaa. Shemeji, chai hakuna? Nilipika ndizi, nilipika maharage na viazi, na katibu wa timu alipenda kusema, mdomo umejaa, kwamba timu hii ni familia. Nilikuwa nacheka wakati ule. Siku hizi najiuliza ni familia gani hiyo ambayo sufuria ni moja tu na wote wanaijua ilipo.

Wakaenda Iringa kucheza, wakashinda. Haukupita muda, katibu wa timu ya kule, timu ya ofisi moja, akapanda basi akaja kwetu mchana kweupe bila kujificha. Alisema wanamhitaji mume wangu. Watampa kazi ya kudumu stoo, na kota yenye bomba la maji uani. Mwingine angefunga mizigo siku ileile. Mume wangu alisema si adabu kuwaacha watu bila kuwaambia. Akaenda kuwaambia. Hakuomba hela. Alisema aajiriwe, apewe na ile kota ya matairi, naye hatakwenda popote.

Kamati ilikaa kantini, Jumapili baada ya kanisa. Mimi ndiye niliyepeleka chai, kama kawaida, kwa hiyo niliyasikia yote. Fundi mkuu, mtu wa huku kwetu milimani, alisema apewe tu, nyumba yenyewe imekaa bure. Katibu akasema akipewa huyu, kesho hata anayebeba ndoo ya maji ya kunywa atadai nyumba. Ndipo mwenyekiti wa timu aliposimama. Huyo ndiye aliyekuwa pia mkuu wa karakana. Alisema mchezo ni wa ridhaa. Alisema kumlipa mchezaji ni ubepari, nasi tunajenga ujamaa, hatuwezi kununua mtu kama ng'ombe mnadani. Wakapiga makofi. Mume wangu alikuwa amekaa palepale, magoti yanagusa meza, anatazama mikono yake. Hakuna aliyemuuliza neno.

Mwenyekiti yeye alikaa kwenye nyumba ya kazi ambayo vyumba vingine havikuwa hata na kitanda. Huo haukuitwa ubepari. Nilishika birika kwa nguvu, nikaondoka kabla sijafanya jambo la kunitia aibu.

Jumapili iliyofuata walitujia na jogoo.

Hapa lazima nieleze. Kwetu ukitaka kumwomba mtu jambo zito, au umemkosea, huendi mikono mitupu. Unapeleka jogoo. Mwenyeji akimpokea, maana yake amekusikia. Mkikaa, jogoo akachinjwa, mkala pamoja, neno limefungwa na hakuna wa kulifungua. Asipokubali, anamrudisha jogoo akiwa hai, na kila mtu anashika njia yake bila matusi. Mwenyekiti hakuwa mtu wa huku. Bila shaka kuna aliyemdokeza kwamba hawa watu wa milimani ukiwapelekea kuku wanalainika.

Aliingia chumbani kwetu bila kuinama, maana alikuwa mfupi, katibu nyuma yake amemkumbatia jogoo mwekundu. Akamwambia mume wangu, "Kijana wetu, vumilia. Cha mvunguni sharti uiname."

Alimwambia hivyo mtu ambaye hakuweza kuingia kwake bila kuinama. Mume wangu akanyoosha mikono miwili, akampokea jogoo. Hakuweza kumkatalia mtu mzima. Hajawahi kuweza. Mimi nikainuka kuteka maji ya kunyonyolea, lakini wageni walikunywa chai nusu kikombe, wakasema wana kikao kingine, wakatoka. Waliacha kuku kama mtu anayeacha mzigo stendi.

Mume wangu alisema basi, ameshapokea, Iringa imekwisha. Nikamwambia umepokea, hujala, na wao hawakukaa kula. Neno halijafungwa. Akasema aliwapokea kwa mikono miwili. Tulibishana hadi jirani akagonga ukuta. Mwisho yeye akawajibu watu wa Iringa kwamba haendi, na mimi nikamfunga jogoo kamba mguuni, nikaifunga kwenye mguu wa kitanda. Sikumchinja. Mume wangu hakuniuliza kwa nini.

Mtoto alizaliwa, mvua zikaja na kwenda, na jogoo akawa anawika chini ya kitanda kila alfajiri. Kila akiwika nilikuwa namsikia mwenyekiti. Wachezaji walipokuja kula walimkodolea macho. Mmoja akaniuliza, "Sasa shemeji, hii kuku utapika lini?" Nikamjibu bado haijanona. Mume wangu aliendelea kuitwa kazini siku moja na kurudishwa siku ya pili, na jioni anaruka kwenye saruji kama kawaida. Kota haikutajwa tena. Ajira haikutajwa tena.

Halafu asubuhi moja nilipita karakana, mtoto mgongoni, nikaona matairi yametupwa nje. Kota imepakwa chokaa. Watu wawili wanaingiza kitanda, kirefu, cha kuagiza kwa seremala. Moyo ulinipasuka kwa furaha, nasema kweli, nilidhani wametukumbuka. Nikamuuliza fundi mkuu. Yeye alitazama pembeni kwanza. Kisha akanieleza kwamba anakuja mchezaji mpya, yule mrefu wa timu ya Iringa. Mwenyekiti amemfuata mwenyewe. Amepewa ajira ya kudumu na nyumba, asije akatoroka.

Nilimuuliza ubepari umekwenda wapi. Lakini si yeye aliyepaswa kunijibu.

Ndipo nilipoelewa kwamba swali halikuwa kama timu ilipe au isilipe. Kulipa walikuwa wanaweza siku zote. Hawakuona sababu ya kumlipa mtu ambaye wanampata bure, tena mke wake anawapikia. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mwenyeji wao hakupona, alikuwa anasogeza kitanda.

Nilirudi nyumbani, nikangoja jioni, nikamfungua jogoo mguu wa kitanda, nikamfunga miguu yote miwili, nikamtia kwapani. Nikaenda uwanjani, mtoto mgongoni. Walikuwa mazoezini, mwenyekiti amekaa kwenye kiti chake kando ya mstari. Nikapiga magoti kama nilivyofundishwa na mama yangu, nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Nikamweka jogoo miguuni pake.

Nikasema, "Mzee, kuku wenu huyu. Hatukumla."

Fundi mkuu alivua kofia. Wachezaji wote waliozaliwa huku walisimama kama wako kaburini, maana walijua ni nini kimewekwa pale chini. Mwenyekiti peke yake hakujua. Aliinama, akamwinua jogoo kwa mikono miwili, akatabasamu.

"Asante sana, mama," akasema. "Amenenepa kweli."

Ningeweza kucheka, ila hasira zilinizidi. Nilimtazama mume wangu katikati ya uwanja. Ameona. Ameona jogoo ametolewa, na ameona amepokewa. Aliuweka mpira chini taratibu, akavuka mstari filimbi haijalia, akamchukua mtoto mgongoni mwangu, tukaondoka. Hapo ndipo timu ilipovunjika, kama mnataka kujua.

Iringa nafasi ilikuwepo, kwa sababu mrefu wao alikuwa amelala kwenye kota yangu. Tulipanda basi na godoro, masufuria na mtoto. Njiani, pale Nyololo, baridi iliingia hadi kwenye mifupa, na mume wangu alikaa njia nzima amekunja miguu kati ya viti. Alikuwa anawaza wenzake. Mimi sikuwawaza.

Katibu wa Iringa alitupokea ofisini kwake kwa furaha. Kamwene, kamwene, akatusalimu kwa lugha ya kwao, karibuni sana. Akasema bahati iliyoje, leo hii wana mechi, kijana avae haraka. Mambo ya nyumba na kazi yatashughulikiwa baadaye, sisi hapa ni familia. Mume wangu alikuwa ameshainama kwenye begi anatafuta raba zake.

Nikaweka godoro chini mlangoni pa ofisi, nikalikalia.

"Ufunguo kwanza, shemeji," nikasema.

Katibu alimtazama mume wangu, akingoja mwanamume aseme neno. Mume wangu akaacha kutafuta raba. Ufunguo ukaletwa.

Nyumba ilikuwa nzuri, bomba lilikuwepo. Mlango ulikuwa mrefu wa kumtosha na kubaki. Lakini aliingia ameinama, kwa mazoea, na akaendelea kuinama hivyo muda mrefu sana. Nilikuwa nikimwona anapita pale, kichwa chini bila sababu, hasira zinanipanda upya.