Mtawa Anayefagia Ngazi za Observatory

Usiniambie niliota. Ilikuwa alasiri, mwaka 2017, nami nilikuwa macho kama unavyoniona sasa.

Mimi ni fundi cherehani, mtu wa Tanga, naishi Yeoville, Johannesburg. Juu ya kilima cha Observatory, mtaa wa jirani, kulikuwa na hekalu la zamani la Wabudha, na watawa wake walinipa kazi ya kuwashonea mito ya kukalia wakisali. Jirani yangu Mama Furaha, msusi kutoka Bukavu, akanionya.

"Dada, kule kuko mtawa mwanamke, alikufa zamani. Anafagia ngazi, anangoja mtu wa kumpokea. Akikupatia kitu, usikamate."

Nikacheka. Alinisindikiza, lakini kupanda akakataa, akabaki getini.

Nikakabidhi mito, nikanywa chai yao, nikaaga. Nje ukungu ulikuwa umeshuka. Katikati ya ngazi nikamkuta bibi amenyoa kichwa, kavaa joho la kijivu, anafagia majani. Miguu peku, na baridi ile ya Joburg! Akaniambia kwa Kiswahili cha kwetu kabisa:

"Mwanangu, nishikie kidogo. Mgongo unaniuma."

Mzee akikuomba hivyo, wewe ungekataa? Nikaupokea ufagio.

Akajinyoosha, akacheka kama mtoto aliyefunguliwa mlango, akashuka, akapotelea ukunguni. Nikataka kumwita. Mikono yangu ikaanza kufagia. Wallahi, si mimi niliyefagia! Vidole viligoma kufunguka. Nikashuka mbio na ufagio wangu, nikajikuta juu, mlangoni pa hekalu. Nikashuka tena. Mlango uleule. Watawa nawaona dirishani, napiga kelele, hakuna anayegeuka. Nikaanza Ayatul Kursiy, maneno yakanipotea. Kisha jina la mwanangu nalo likanipotea. Na kibaya kuliko vyote, niamini, nilianza kuona raha ya kufagia.

"Maman Rehema! Wamekuoa huko?"

Ni Mama Furaha, amechoka kungoja, amepanda na woga wake wote. Aliponiona akanirukia. Akanizaba kofi, vidole vikaachia, akanikokota kwa mtandio hadi chini.

Tulipofika getini tukamsikia mtu akipanda ngazi nyuma yetu, analia kwa kwikwi, kilio cha mtu aliyekwishafika kwao akarudishwa. Kisha ufagio ukaanza: kwaru, kwaru.

Mpaka leo vidole vyangu vya mkono wa kulia havinyooki. Nguo nakata kwa kushoto. Mama Furaha ukimtajia siku ile anawasha redio. Mimi kilio kile ndicho kinachoninyima usingizi, na bibi wa watu namwombea.

Lakini wewe ukipita kilima kile, ukaombwa kushika hata jani, omba radhi uondoke. Mhurumie, ndiyo. Mhurumie ukiwa mbali.