Ndugu wa Chumba cha Chini

Nyumba yetu ya Manundu ilijengwa kwenye mteremko. Ukija kwa mbele unaona nyumba ya kawaida, lakini ukizunguka nyuma kuna chumba kingine chini ya sakafu yetu, chenye mlango wake na dirisha moja dogo. Marehemu mume wangu alikichimba kiwe ghala la mahindi. Alipofariki, nikakipangisha.

Hasira yangu inaanzia hapo, na sehemu yake ni juu yangu mwenyewe. Nilikuwa mwalimu, tena katibu wa akina mama katani. Asubuhi nawaimbisha watoto kwamba anayepangisha nyumba ni kupe, anaishi kwa jasho la mwenzake. Wakati ule kiongozi wa chama hakuruhusiwa kuwa na mpangaji. Kwa hiyo karani mmoja alipokuja na godoro lake, nilimpeleka kwa balozi wa nyumba kumi nikasema ni kaka yangu. Balozi akauliza kaka wa namna gani, maana kwetu hata mtoto wa jirani ni kaka.

"Tumbo moja," nikajibu. Akaandika kwenye daftari lake.

Kodi alilipa, sina la kumsingizia. Mambo yaliharibika mwaka ule operesheni ya vijiji ilipofika kwa mama yangu, huko Handeni. Nyumba yake ilibomolewa, akaonyeshwa kiwanja porini na kuambiwa ajenge, na mvua zilikuwa zimekaribia. Akaja kwangu kwa lori, na mkeka, jembe na kuku mmoja. Vyumba vyangu vya juu vilijaa watoto. Mama akalala jikoni, kwenye kibanda cha udongo nyuma ya nyumba, akikohoa moshi mpaka machozi yanamtoka.

Nikamwomba karani ahame. Nilimpa mwezi mzima, nikamtafutia hata chumba kwa jirani. Alinisikiliza huku akipiga pasi shati lake, kisha akacheka.

"Dada, utamfukuzaje ndugu wa tumbo moja? Twende kwa balozi, ukamwambie mimi ni nani wako."

 Mimi mtu mzima, mwenye nyumba, nilimwogopa mpumbavu mwenye pasi ya mkaa, kwa kuwa alikuwa amenishika pabaya na alijua. Nikisema ni mpangaji, ukatibu umekwenda na pengine ualimu pia. Nikinyamaza, mama anaendelea kukohoa. Nikamtukana matusi ambayo mwalimu hapaswi kuyajua.

Mama aliyasikia yote kutoka jikoni. Nilipoingia alikuwa anachambua choroko.

"Tumbo lipi hilo?" akauliza.

Nikamweleza. Mama alizaa mtoto mmoja tu wa kiume, na surua ilimchukua kabla hajaanza kutembea.  Mama akaendelea na choroko zake.

Jumapili asubuhi akachukua mkeka, jembe na kuku, akateremka, akabisha hodi. Karani akafungua, akatoa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukaa kwako," mama akasema. "Mama halali jikoni kwa binti wakati mwanawe wa kiume ana chumba."

Akatandika mkeka kando ya kitanda, akamfunga kuku kwenye mguu wa meza. Karani alikimbilia kwa balozi. Balozi akafungua daftari lake, akamwambia haoni kosa: mama kaja kwa mwanawe. Lakini mwanamume mzima kulala chumba kimoja na mama yake ni aibu ambayo Manundu nzima ingeisema kisimani na sokoni. Mama alihakikisha wanaijua. Jumatano karani alibeba godoro lake akaondoka, hata kuaga hakuaga.

Majirani walicheka sana. Nami nilicheka, nikidhani yamekwisha.

Mama hakucheka. Alikaa chumba kile hadi alipofariki, na hakunigombeza hata siku moja. Ningefurahi kama angenigombeza. Ila kila mgeni alipomsifia chumba na kuuliza nani alikuwa anakaa humo kabla yake, mama alijibu kabla sijafungua mdomo, huku akinitazama mimi.

"Alikuwa anakaa mwanangu," alisema. "Yule aliyekufa."