Lita Moja kwa Siku

Nilimtambua yule mzee kabla sijasoma jina kwenye faili. Walikuwa wamemkalisha kwenye kiti cha magurudumu nje ya geti la hospitali nilikokuwa nikifanya kazi, Korogwe. Alihema kwa mdomo wazi, miguu imevimba mpaka kandambili zimekataa kuingia. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa korona, na mtu anayehema namna ile hakuna aliyetaka kumsogelea. Walinzi walimpisha, na manesi wenzangu ghafla wakakumbuka kazi nyingine. Mimi nilivaa gauni la nailoni, miwani na barakoa mbili, nikamsukuma mwenyewe hadi chumba cha kutengwa. Baadaye wenzangu walinisifu, wakasema nina huruma. Haikuwa huruma. Nilimtaka awe wangu.

Nilikuwa na miaka tisa mwaka ule wa ukame. Sisi ni wakulima wa Misima, na Handeni ikikosa mvua maji hutafutwa kwa miguu. Lambo lilikuwa mbali na limebaki tope, watu wanagombea na ng'ombe. Nyumba moja tu pale kwetu ilikuwa na tangi la saruji la kukinga maji ya bati, nayo ilikuwa ya mzee huyu. Mfuniko wa tangi ulifungwa kwa kufuli, na ufunguo aliuvaa shingoni kwa kamba ya mkonge.

Mdogo wangu wa kike, hata mwaka hajatimiza, akaanza kuharisha. Zahanati walimpa mama pakiti ya dawa ya unga, wakamwambia achanganye na lita moja ya maji safi, amnyweshe mtoto kidogo kidogo. Nyumbani hatukuwa hata na hayo ya tope. Mama akambeba mtoto mgongoni, mimi nikabeba kidumu cha njano, tukaenda kwa mzee. Alikuwa amekaa barazani. Mama alipiga magoti.

"Shikamoo baba. Nisaidie lita moja tu, nimchanganyie mtoto dawa."

"Nikikupa wewe," alisema, "kesho kijiji kizima kiko hapa."

Hakukasirika, wala hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayekueleza njia ya kwenda sokoni. Tulikwenda lambo, na tulipokuwa njiani kurudi mtoto alikuwa hashiki tena ziwa. Tulimzika kesho yake alasiri. Ile pakiti mama aliiweka sandukuni bila kuifungua, na ipo mpaka leo.

Basi ndiye niliyemsukuma kwenye kiti cha magurudumu.

Daktari alimsikiliza kifua, akabonyeza miguu yake kwa kidole, shimo likabaki. "Huyu si korona," akasema. "Huyu ni moyo. Umechoka kusukuma damu, maji yamejaa kwenye mapafu." Akaandika sindano za kumkojosha, apimwe uzito kila asubuhi, mkojo wake upimwe. Chini kabisa akaandika: maji lita moja kwa siku, chai na uji na mchuzi vyote vihesabiwe humo. Niliusoma mstari ule mara mbili. Nusura nicheke ndani ya barakoa.

Hata majibu ya kipimo yalipotoka, akahamishiwa wodi ya kawaida, nilihakikisha napangiwa kitanda chake. Ndugu hawakuruhusiwa kuingia, chakula kiliachwa getini. Kwa hiyo mchana kutwa alikuwa na mimi tu. Nilijaza chupa ya lita moja, nikaibandika vipande vya plasta kuonyesha kiasi cha kila saa, nikaiweka juu ya kabati, mahali anapoiona lakini mkono haufiki.

"Sista, maji."

"Bado mzee. Saa nne."

"Koo limekauka, mwanangu."

"Najua."

Saa nne ikifika nilimpa, wala sikumpunja hata tone. Nilitaka haki yote iwe upande wangu. Alikunywa kwa kushika kikombe kwa mikono miwili, akamaliza, akakiinamisha tena kuona kama kuna kilichobaki. Nilisimama pale mpaka mwisho kila mara, kwa sababu nilifurahia. Sioni aibu kusema.

Msimu ule nchi nzima ilikuwa inakunywa vitu vya moto. Tangawizi, limau, vitunguu saumu, watu wamejifunika mablanketi wanajifukiza. Binti yake, aliyeolewa Magoma, alikuja kila siku na chupa mbili za chai zimejaa mchanganyiko huo, na kila siku nilimrudishia getini.

"Nesi, una roho mbaya," aliniambia siku ya tatu, watu wote wanasikia. "Kila mtu anakunywa, baba yangu peke yake ndiye unamnyima?"

"Akinywa hii atazama akiwa kitandani. Muulize daktari."

Ilikuwa kweli tupu. Sijawahi kufurahia kusema kweli kama siku ile.

Lakini yapo mawili ambayo hayakuandikwa kwenye faili. La kwanza, siku moja ya joto nilisogea karibu na kitanda chake, nikashusha barakoa, nikanywa maji yangu ya chupa mpaka nikaimaliza. Alinitazama usoni, uso wangu wote, nikangoja anitambue. Macho yake yalikuwa kwenye chupa. La pili ni baya zaidi. Kila muuguzi wa wagonjwa wa moyo anajua namna ya kupunguza kiu bila kumzidishia mtu maji: asukutue mdomo kwa maji na kuyatema, anyonye kipande cha limau. Haina madhara, ni dakika moja ya kuelekeza. Siku tano nilikuwa naye na sikumwelekeza.

Siku ya sita nilimkuta ana kipande cha limau shavuni, ametulia kabisa. "Mwenzako wa zamu ya usiku amenifundisha," akasema, akatabasamu. Zamu nzima nilifanya kazi nimenuna, na nilimkaripia yule mwenzangu kwa sababu ya shuka chafu la kitanda ambacho hata hakikuwa chake.

Akapona. Uzito ulishuka, miguu ikanywea, ngozi ikabaki na mikunjo. Miezi ile wagonjwa wengi wa moyo waliogopa hospitali, wakakaa nyumbani na mapafu yaliyojaa maji mpaka wakaletwa wamechelewa. Niliwafunika mashuka watu wema, kina mama walioishi vizuri na majirani zao. Huyu alitoka kwa miguu yake. Na ni mimi niliyemtoa, kwa lita moja ile ile.

Siku ya kuruhusiwa nilivua barakoa, nikamwambia mimi ni nani. Nilimwambia mwaka, nikamwambia mama alipiga magoti, nikamwambia habari ya pakiti.

"Kina mama wengi walikuja mwaka ule," akasema. "Wote niliwarudisha."

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, au kwa machozi. Kumbe hata hakumbuki tulivyokuwa. Nikaenda getini, nikamwita pembeni mkewe aliyekuja kumchukua, nikampa maelekezo ya dawa na ya chumvi, kisha nikaongeza yangu. "Bibi, fungeni tangi. Akiachiwa atakunywa bila kipimo, na atakufa. Ufunguo uvae wewe." Alinishukuru sana. Chupa yenye plasta nilimpa pia.

Miezi mitatu baadaye nilipata likizo, nikaenda Misima kumwona mama. Kwa mzee hakuko njiani. Nilipita makusudi.

Ilikuwa saa saba mchana, jua kali. Watu wote wa pale walikuwa shambani, kupalilia mahindi, hurudi jioni. Alikuwa barazani peke yake, amekonda, na nyuma yake tangi lina kufuli. Niliutazama ule mfuniko, nikaona raha. Chupa yangu ilikuwa sakafuni karibu na kiti chake, plasta zimeanza kubanduka, imebaki robo. Yeye aliinuka kwa taabu kunipokea.

"Karibu, mwanangu. Umetembea juani." Akachukua kikombe, akamimina kutoka kwenye ile chupa, akamimina mpaka ikaisha, akaninyooshea. Hakumwaga hata tone. "Nimemkumbuka mama yako," akasema. "Wewe ulishika kidumu cha njano. Kidumu kilikuwa kikubwa kuliko wewe."

Nilikipokea kwa mikono miwili, kama nilivyolelewa. Nilikishika kidogo. Kisha nikakiinamisha, nikamwaga taratibu, palepale chini ya baraza, mahali mama alipopiga magoti. Hakunitazama mimi. Aliyatazama maji mpaka udongo ukayanywa yote.

"Hayo ndiyo yaliyokuwa yamebaki ya leo," akasema. Hakukasirika, wala hakupandisha sauti.

Nilikiweka kikombe juu ya kiti chake, nikaaga. Nilipofika barabarani bega liliuma kwa uzito wa mkoba, nikakumbuka nina chupa yangu ya maji humo, haijafunguliwa. Niligeuka. Alikuwa bado amesimama, anatazama pale chini. Mkewe, mwenye ufunguo, angerudi jioni.

Sikurudi.