Nilivyorudisha Mwaka Nyuma Nikamharibia Zuhura Harusi

Mwenzenu nina aibu moja ambayo mpaka leo nikipita sokoni Kibiti nikaona watu wawili wananitazama huku wanacheka, najua wanaisema hiyo hiyo, hata kama wenzangu wanaongea mambo yao. Kaeni niwape mwenyewe, maana mkiisikia kwa wengine wataitia chumvi, na kwa kweli haihitaji.

Miaka ile ya soko huria kila mtu alikuwa anafungua kitu, huyu genge, yule mashine ya kukoboa, mimi nikafungua stationari. Kompyuta moja, printa moja, na jenereta ambayo ikinguruma mtaa mzima unajua Nasoro kafungua (Nasoro ndiye mimi, ila watu walikuwa wananiita Mtaalamu, na mimi nilikuwa naitika, tena kwa raha). Nikanunua na programu ya kutengeneza kadi za harusi kwa bwana mmoja wa Dar. Nzuri hasa, ina maua, ina njiwa, ina mpaka picha za misikiti. Ila ina masharti yake: kila mwaka uilipie leseni upya, na juu ya leseni kuna ada ya matengenezo, na siku ikifika hujalipa haifunguki ng'o, inakuletea kiboksi chekundu katikati ya kioo kinakwambia muda wako umekwisha.

Jamani, kiboksi kile kiliniudhi! Nikafunga safari kwenda kupiga simu, namuuliza yule bwana, "Matengenezo gani? Tangu uniuzie, umekuja lini Kibiti kutengeneza nini?"

Akanijibu kwa upole kabisa, "Kaka, programu hujainunua. Umenunua ruhusa ya kuitumia."

Ebo! Yaani panga nimelinunua dukani, halafu mwenye duka aje kila mwaka kunidai ada ya makali? Nikamkatia simu, nikarudi ofisini nimevimba.

Hapo ndipo nilipofanya ujanja wangu. Nilishasikia kwa vijana wa Dar kwamba hizi programu hazina akili yoyote, zinaangalia saa ya kompyuta tu. Nikaingia kwenye saa, nikairudisha mwaka mmoja nyuma, nikafungua. Ikafunguka! Leseni hai, kiboksi hakuna. Nikacheka peke yangu ofisini, nikasema yule bwana atanisubiri sana. (Kila nikikumbuka kicheko kile natamani kujizaba kibao.)

Sasa wakati huo mdogo wangu Zuhura yuko ndani. Alikuwa ameposwa na kijana wa Mbuchi, kule delta, posa imejibiwa, na yeye kama ilivyo kwetu kawekwa ndani anaandaliwa, hatoki hata uani mchana, anasubiri siku ya shangazi yetu wa Mkongo kuja kumtoa. Maana kwetu mwali anatolewa na shangazi yake, si mtu mwingine, na huyu shangazi tena ndiye aliyemlea Zuhura baada ya mama yetu kufariki. Mtoto alikuwa haongei jingine. Nikipita dirishani kwake naulizwa, "Kaka, siku hiyo shangazi hatakosa gari kweli?" Namwambia, "Tulia wewe, shangazi atakuja hata kwa miguu."

Baba akapanga iwe Jumapili, tarehe kumi na mbili. Mimi nikasimama mbele ya wazee nikasema kwa sauti, "Kadi niachieni mimi, hiyo ndiyo zawadi yangu kwa mdogo wangu." Programu ile ukishaandika majina, tarehe na mwezi, siku ya wiki inajijazia yenyewe, wala hupati shida, na mwaka inajichukulia kwenye saa ya kompyuta bila hata kuuandika kwenye kadi. Wateja nilikuwa nawaonyesha jambo hilo kama mazingaombwe. Basi nikahakiki majina ya wazee kwa makini asije mtu akanuna, nikahakiki vyeo, nikahakiki nani kahiji na nani bado. Siku sikuitazama. Kwani si imejaza kompyuta? Baba naye akaipokea, akatafuta jina lake, akatabasamu, akanirudishia. Kadi zikaenda Mbuchi. Ndugu wa Mkongo hawakupewa kadi, wao walishaambiwa kwa mdomo, Jumapili.

Ikaja Jumamosi. Baba yuko Mtunda shambani anakata kuni, ng'ombe wa karamu yuko nyuma ya nyumba anacheua zake, mpunga haujakobolewa, na Zuhura ndani kapakwa liwa mwili mzima na hina mguu mmoja, wa pili ulikuwa unasubiri jioni. Mimi niko barazani nakunywa chai. Nasikia lori, nasikia ngoma, nasikia vigelegele, nikajua harusi ya watu inapita, nikasimama nikawapungia mkono (ndiyo, niliwapungia, na wakanipungia). Lori likaja likasimama mlangoni kwetu.

Akashuka Mzee Mtupa, mjomba wa bwana harusi, kanzu imenyooka, bakora mkononi. "Asalaam aleikum. Alhamdulillahi, tumefika."

"Waaleikumu salaam," nikasema. "Mmefika wapi?"

Watu wanazidi kushuka. Kina mama wa Mbuchi, vijana wa ngoma, na bwana harusi mwenyewe na kilemba chake, jasho linamtoka. Majirani wakaanza kutoka kwenye nyumba zao. Baba akatokea na baiskeli yake, kuni nyuma, kaptura imejaa matope, akawakuta wakwe zake wote wamesimama mbele ya nyumba. Sijawahi kumwona baba akitafuta mahali pa kujificha nyumbani kwake mwenyewe, siku ile nilimwona.

Mtu mwenye akili hapo angeuliza kwanza kadi inasemaje. Mimi nikasema, "Baba, wageni wamekosea siku."

Mzee Mtupa akanitazama, akaingiza mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa kadi, ile yenye njiwa wawili, akaisoma kwa sauti ya msikitini. "Jumamosi, tarehe kumi na mbili." Kisha akamgeukia baba. "Mkwe, tuliafikiana Jumapili, hilo halina ubishi. Kadi ilipokuja na Jumamosi tukasema aah, wenyewe wamebadili. Siku anapanga mwenye mwali. Tungekuja kuuliza, ingekuwa kama tunawasahihisha."

Na tarehe, kwamba Jumamosi ile ni kumi na moja? Nani huku kwetu anatembea na tarehe kichwani? Watu wanashika siku.

"Itakuwa kompyuta imepata hitilafu," nikasema, ile saa niliyoirudisha ishanijia kichwani.

"Hitilafu gani?" baba akauliza.

Nikaanza kuzungukazunguka, mara umeme wa jenereta, mara joto, na baba ananitazama tu, mpaka nikajikuta naeleza yote mbele ya umma ule: leseni, ada, kiboksi chekundu, saa niliyoirudisha, na kwamba mwaka uliopita tarehe kumi na mbili ya mwezi ule ilikuwa kweli Jumamosi.

Mzee Mtupa akauliza, "Kwa hiyo sisi tumealikwa mwaka jana?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, bwana harusi naye, majirani nao, na wapiga ngoma wakakipigia kabisa. Baba hakucheka. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Mtaalamu," basi.

Kicheko kilipokwisha Mzee Mtupa akasema lori limekodiwa la kurudi leo leo, mashua zinasubiri maji ya jioni, na bwana harusi halali ukweni kabla ya ndoa. Ama ndoa ifungwe sasa hivi, ama warudi naye, na wakirudi naye hajui kama wazee wa kwao watakubali kutoka tena. Wakati huo huo dirisha la Zuhura likafunguka kidogo, tukasikia sauti yake, "Baba, na shangazi je?"

Simu Mkongo hakuna. Baba akajibu, "Shangazi yuko Mkongo, mwanangu," kisha akatumwa mtu amwite shehe.

Ndoa ikafungwa. Wageni wakala walichokuja nacho wenyewe, maana chakula chetu kilikuwa bado kina kwato, tukawapikia kamba na mchele waliotuletea kama zawadi, na baba akawakaribisha akiwa amefunika uso kwa mkono. Zuhura akatolewa na mwanamke wa jirani. Alipofika kwangu akasimama, uso umefunikwa, mguu mmoja una hina na mmoja mweupe, akaniambia taratibu, "Kaka, leo siku gani?" Akapandishwa lori.

Jumapili baba akaniweka mlangoni. "Wanaokuja, waambie mwenyewe." Shangazi akaja asubuhi na kina mama wa Mkongo, wanaimba tangu barabarani, mkononi ana doti ya kanga mpya ya kumfunika mwali. Nikamweleza. Hakunitukana. Alisema tu, "Mtoto wangu katolewa na nani?" akakaa chini pale pale kwenye kizingiti, akawa anaikunja ile kanga, anaikunjua, anaikunja. Ng'ombe alichinjwa, nyama ilikuwepo tele, na mimi sikuweza kumeza hata pande moja.

Jumatatu nikapanda gari kwenda Dar kulipia leseni. Yule bwana akanidai na ada ya kuchelewa, nikatoa bila ubishi mpaka akashangaa, akaniuliza kulikoni. Nikamwambia hakuna kitu, nipe risiti. Tangu hapo saa ya kompyuta sijaigusa hata kwa dakika moja, na kila asubuhi kabla ya kufungua kazi naisoma tarehe, halafu natoka nje namuuliza mpita njia, na wanione mwehu, potelea mbali.

Zuhura yuko salama na mumewe, ana watoto, kanga ile shangazi alimbebea mgongoni mtoto wa kwanza wa Zuhura. Tukikutana ukoo mzima lazima Zuhura aniulize mbele za watu, "Kaka, leo siku gani?" na watu wanavunjika mbavu, na mimi naitaja siku kama mtoto wa chuo cha Kurani. Shangazi hacheki. Anaangalia pembeni mpaka kicheko kiishe, na mimi naangalia chini.