Biasha na Mikorosho ya Mpakani

Saa moja asubuhi, karibu kijiji kizima kiko mashambani kuokota korosho, na Biasha Mnali anashuka kuelekea kisimani na ndoo mbili, moja kichwani, nyingine mkononi. Njia nzima hakutani na mtu wa kumjulia hali.

Hapa ni Nandagala, wilayani Ruangwa. Kisima kiko kwenye kona ya mahali panapoitwa Bustani ya Kivuli, ingawa kivuli chenyewe bado ni cha kukisia. Ni eka tatu za ardhi iliyochimbwa kifusi cha barabara, ikaachwa mashimo matupu. Leo imeota mipingo, mininga na mitondoo, mingine imempita Biasha kimo, mingine inamfika magotini. Oktoba hii mvua haijadondoka hata tone, na mche usiponyweshwa unakauka umesimama.

Anamwagilia taratibu, akichutama kwenye kila mti na kurundika majani makavu kuzunguka shina. Vidole vyake vina madoa meusi yasiyotoka kwa sabuni. Riziki yake ni kubangua korosho, na mafuta ya maganda huunguza ngozi. Siku ikiwa njema anapata kama shilingi elfu nne. Hapa bustanini hapati kitu, wala hajawahi kudai.

"Kikundini tulikuwa ishirini," anasema. "Jumamosi tukija kulima hapa, ungedhani pana ngoma."

Biasha ana miaka hamsini na tisa. Mumewe amefariki, na mwanawe Twaha yuko Dar es Salaam, anapiga simu akikumbuka. Lakini ukikaa naye kidogo utagundua kwamba anayemkosa zaidi si Twaha. Ni Letisia, jirani yake na mjane mwenzake, aliyehamia hapa kutoka Nachingwea na familia yake ya Kimakua.

Miche ya kwanza ya mpingo aliileta Letisia kutoka Nachingwea, akaipakata kwenye basi kama mtoto mchanga. Ramadhani ikiingia, yeye Mkristo ndiye aliyempelekea Biasha uji wa kufuturu. Krismasi ikifika, Biasha ndiye aliyesimamia sufuria la pilau kwa Letisia, na ole wake aliyejaribu kufunua kifuniko kabla ya wakati.

Matatizo yalianza na wazo zuri. Ili kukinga upepo, wanakikundi walipanda mikorosho mpakani, kila mmoja miwili. Kusini huku, aliyepanda mkorosho ndiye mwenyewe, hata kama ardhi si yake. Mkorosho unarithiwa, unawekwa rehani, unatajwa kwa jina la aliyeupanda. Siku ile hakuna aliyeyasema hayo, kwa sababu hakuna asiyeyajua.

Ilipoanza kuzaa, kila mtu akapalilia yake, akaipulizia dawa ya salfa, akaokota korosho zake. Miti mingine yote wakaachiwa Biasha na Letisia.

Mwaka huu ikaja habari ya kuchangamsha. Halmashauri ilikuwa tayari kuitengea bustani shilingi milioni kumi na mbili, kwa uzio wa kuzuia mbuzi, pampu ya kisima na posho ya mlinzi. Kilichobaki ni ukaguzi tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone: hata waliokuwa hawajaonekana tangu masika walitokea. Wakafagia chini ya mikorosho mpaka ardhi ikatakata, na ofisa aliyetumwa, Bwana Harithi, alipofika, kila mmoja alikuwa amesimama chini ya mti wake kama mwenye nyumba mlangoni.

Bwana Harithi akauliza mkorosho ule ni wa nani. "Wangu," akajibiwa. Na huu? "Wangu." Alizunguka mpaka wote akijibiwa hivyohivyo, tena kwa fahari. Hata Biasha alijibu hivyo.

Mdomo ukaponza kichwa. Ofisa aliwaeleza kwa upole kwamba fedha ya umma haiwezi kuzungushia uzio mali ya mtu binafsi. Mikorosho iwe ya kikundi kwa maandishi, au iondoke. La sivyo, bajeti itakapopitiwa upya Januari, fedha hiyo itapelekwa kwenye mradi mwingine.

Kikao kilikaa, kikavunjika. Hakuna aliyekubali kuuachia mti wake. Ndipo Biasha alipofanya jambo ambalo watu wanalisimulia hadi Mandawa. Alichukua shoka akaiangusha mikorosho yake miwili, tena ikiwa na maua. Aliamini wenzake wakiona watafuata.

Hakufuata mtu. Kwa watu wa huku, kukata mkorosho unaozaa ni kama kumwaga chakula mbele ya wageni. Wapo waliosema amerogwa. Wapo waliosema ameshaahidiwa ile posho ya ulinzi. Mmoja baada ya mwingine wakaacha kuja bustanini. Letisia hakusema neno baya. Aliacha tu kupita mlangoni.

"Waliosema niliwavumilia," anasema Biasha. "Yeye alinyamaza. Hilo ndilo lililoniumiza, na linaniuma mpaka sasa."

Mwezi uliopita alipanda bodaboda hadi Mbekenyera, ambako Letisia amepiga kambi kwenye shamba lake la korosho. Alikusudia kumwomba aachie miti yake miwili ya mpakani, maana Letisia akikubali, wengi watamfuata. Lakini ombi halikufika mdomoni. Letisia alimtangulia, bila kuacha kuokota.

"Mama Twaha, mkorosho mmoja nilipanda mimi," alimwambia. "Ule wa pili alipanda marehemu baba Tabitha, wiki chache kabla hajafariki. Kaburi lake liko Nachingwea, na si kila mara nina nauli. Nikitaka kumsalimu, nakwenda pale."

Miaka yote Biasha alikuwa akimwona rafiki yake anafagia chini ya mti ule, akadhani anafagia tu. Alikaa chini, wakaokota pamoja hadi jua likapoa, maneno machache. Akarudi bila kuomba kitu.

Wazo lilimjia akiwa kwenye bodaboda. Ikiwa mikorosho haiwezi kuondoka bustanini, basi bustani iondoke kwenye mikorosho. Mpaka usogezwe ndani, na mikorosho ibaki nje na wenyewe. Alimpigia simu Bwana Harithi, naye akamwambia inawezekana, mradi mkutano mkuu wa kijiji uridhie na vipimo vipya vifike kabla ya Januari.

Bustani itapoteza karibu nusu eka. Yeye amekwisha kupoteza zaidi, kwani kwa mpaka mpya, mikorosho yake miwili ilikatwa bure. Visiki vyake vitakuwa nje ya uzio, katikati ya miti ya wenzake inayozaa.

"Ningefikiri kwanza, leo ningekuwa na mikorosho yangu na mwenzangu," anasema. "Sasa mikorosho sina, na mwenzangu sijui."

Amekwisha kununua kamba ya katani ya kupimia. Akimaliza kumwagilia, anafunga ncha moja kwenye kigingi alichokipigilia hatua chache ndani ya visiki vyake na kuvuta nyingine kuelekea kona ya kisima. Kamba inalegea katikati, fundo linachomoka, anarudi kulifunga upya. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ameshauriwa awape vijana wa bodaboda hela ya soda wamsaidie, kazi ya nusu saa tu. Amekataa. Msimu wa korosho ukiisha watu watarejea kijijini, na mkutano umepangwa Desemba.

"Namngoja Letisia," anasema, akiikunja kamba mkononi. "Sitamwomba mti wake. Nitamwomba ashike ncha ya pili."