Alhamisi Mbili za Mama Marceline

Watoto kumi na wanne walikuwa wamepita mikononi mwa Mama Marceline, na wote kumi na wanne walimwita tantine, yaani shangazi. Ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya nyumba yake mtaani Mangobo. Shirika la kulinda wanawake na watoto lilipomletea mtoto aliyepotezana na watu wake, hata kabla hajamwonesha pa kulala, Marceline alimweleza kwamba mama ni mmoja tu, na yeye ni tantine wa kumtunza hadi wenyewe wapatikane. Sheria ya pili ilikuwa kwamba mtoto wa namna hiyo hadanganywi. Wamekwisha kudanganywa vya kutosha, alisema, tena na watu wazima wenye ndevu zao.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minne, akiishi kwa kutengeneza chikwange, ule muhogo wa kupondwa unaofungwa na kupikwa majanini. Watoto wake mwenyewe wawili aliwazika wangali wachanga, na hakupenda kuulizwa habari zao. Siku ya mtoto kuondoka alimsuka nywele upya, akamfungia chikwange za njiani, akamsindikiza, kisha akarudi nyumbani kufua shuka. Majirani walisema ana moyo mgumu. Acha waseme, wao hawajapata kufua shuka zile.

Wa kumi na tano alikuwa Benie. Aliletwa ana miaka saba, ametolewa ng'ambo ya mto, ambako watu waligombania mashamba mpaka wakachomeana nyumba. Baba na mama yake walifia humo. Akakaa kwa Marceline mwaka, akakaa wa pili. Alijifunza kuosha majani bila kuyapasua, akaota meno mapya, akawa anacheka usingizini. Marceline alianza kumpikia samaki wa kwake peke yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa wale wengine, na alijua kabisa kwamba si vizuri.

Ndipo Hubert, mfanyakazi wa shirika anayetafuta ndugu za watoto, akarudi kutoka Opala na habari kwamba bibi yake Benie yu hai. Koko Félicité, mzee, mgonjwa, hana mtu mwingine duniani. Alikuwa amerekodi sauti yake kwenye simu ya Hubert.

"Benie, ni miye koko yako. Mwili inachoka. Kuya mbio, nikuone mbele macho yangu ifunge."

Benie aliisikiliza mpaka simu ikazima. Mashua ya mota ya kwenda Opala hutoka kila Alhamisi, hushuka mto mkubwa na kupanda mto Lomami, siku nne njiani. Safari ikapangwa Alhamisi iliyofuata.

Jumanne Hubert akaja, akasimama uani akiangalia viatu vyake. Kampuni moja ya Ulaya inayolisaidia shirika ilikuwa inawatuma wafanyakazi wake wanne waje waone jinsi wanawake na watoto wanavyolindwa. Wangefika Jumamosi, na ofisi ya shirika kule Makiso, katikati ya mji, ilitamani sana wamwone mtoto anayerudishwa kwao. Lakini kwa utaratibu wa shirika, tarehe haibadilishwi bila mama mlezi kukubali.

"Banauliza kama Benie anaweza kungoya bateau ya jeudi ingine," alisema Hubert, maana yake mashua ya Alhamisi ya pili. "Mama, weye ukikatala, nitabaambia, na bitaisha."

Alitegemea akataliwe. Marceline huyu huyu aliwahi kumfukuza uani mkubwa mmoja aliyetaka kupiga picha watoto wakila. Sasa akafunga chikwange mbili nzima bila kuinua macho.

"Bon, angoye tu," alisema. "Bageni nabo banatoka mbali."

Alijiambia kwamba wageni wakiona kwa macho yao watawasaidia na wengine. Ni kweli pia. Lakini kilichomsukuma hakikuwa hicho. Alitaka siku saba.

Wageni wakafika Jumamosi, fulana za rangi moja, kila mmoja na chupa yake ya maji, kama darasa lililopelekwa matembezi. Ingekuwa rahisi kusimulia kama wangekuwa watu wabaya. Walikuwa wema. Mmoja wao, Emilie, ambaye kwao kazi yake ni kupokea simu za wateja, aliketi mkekani akajaribu kufunga chikwange, ikapasuka, na uani pote watu wakamcheka, naye akacheka zaidi yao. Kisha wakaomba kuona mtoto anavyoagwa. Mashua ilikuwa bado siku tano, lakini Benie akavaa gauni jipya, akabeba mfuko, akaenda hadi langoni, akageuka, akapunga mkono. Jua lilikuwa limeharibu picha, akarudia. Emilie akalia. Akamuuliza Marceline kwa Kifaransa anajisikiaje mtoto anapoondoka. Marceline akajibu kwamba anafurahi, na Emilie akaliandika hilo daftarini.

Walipokwisha kwenda, Benie akaita kutoka uani, "Mama, mufuko niweke wapi?"

Siku nyingine yoyote Marceline angemsahihisha. Siku ile alimwonesha pa kuuweka. Na Jumapili akaitika, na Jumatatu, na Jumanne, kila alipoitwa mama aliitika upesi, na hakuwa na furaha kama ile tangu ujana wake.

Alhamisi alimsuka nywele, akamvika lile gauni jipya, akafunga chikwange sita, wakateremka mtoni. Hubert alikuwa tayari pale, kofia ya pikipiki mkononi. Koko Félicité alikuwa amefariki jana yake asubuhi. Habari ilikuja kwa simu. Hapakuwa na mtu mwingine Opala wa kumpokea mtoto.

"Ni miye nilikuuliza," alisema Hubert.

"Na miye nilijibu," alisema Marceline.

Walirudi kwa toleka mbili, baiskeli moja nyuma ya nyingine, Benie mbele na mfuko wake magotini. Njiani hakulia. Nyumbani aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akawa anahesabu kwa vidole.

"Bateau ya jeudi ile, ilifika Opala?"

"Ilifika. Lundi," alijibu Marceline, akiikumbuka Jumatatu ile.

"Lundi koko alikuwa angali muzima."

"Alikuwa."

"Sasa juu ya nini hatukupanda?"

Angeweza kusema wageni. Angeweza kusema ofisi, na hakuna ambaye angempinga. Lakini ile sheria ya pili aliitunga mwenyewe, akawaambia watoto kumi na watano.

"Baliniuliza, nikasema ungoye," alisema. "Haikukuwa juu ya bageni. Nilitaka ubakie na miye."

Benie aliinuka kutoka kinuni. Kisha akavua gauni jipya, akalikunja vizuri. Marceline akamwomba ale japo kidogo.

"Ndiyo, tantine," alisema Benie.

Yupo Mangobo hadi leo. Ofisini Makiso ipo picha yake ukutani, anapunga mkono langoni. Anaosha majani, anakwenda shule, hana ukaidi hata kidogo, na tangu siku ile neno lile jingine, mama, halijamponyoka tena.