Bibi harusi aliyeyakataa mapaja ya baba mdogo katika jumba la Nyanga

Wakuu, Tumsifu Yesu Kristo. Na wasio wa kanisa langu, amani iwe kwenu.

Hiki ninachosimulia nilikiona kwa jicho langu mwenyewe. La pili lilikuwa limefumba nyuma ya kamera.

Miaka ile ya ujamaa nilikuwa na studio ndogo Bukoba mjini. Filamu zilikuwa adimu, kwa hiyo hatukuwa na mambo yenu ya kupiga picha mia na kufuta tisini. Ulikuwa unasali kwanza, ndipo unabonyeza.

Kiangazi kimoja nikaitwa kupiga picha harusi Nyanga, kwenye jumba la zamani la mfanyabiashara wa kahawa, lililokuwa limetaifishwa. Nguzo nyeupe, ngazi pana, veranda inayotazama ziwa.

Mwenye shughuli alikuwa Ta Kalokola, yaani Mzee Kalokola, baba mdogo wa bwana harusi, kiongozi wa siku zile. Wiki nzima alikuwa akituhutubia kwamba mabwanyenye wamekwisha. Jumamosi nikamkuta amekalia kochi lao. Labda alikuwa anahakikisha.

Wageni walikuwa wachache, wa kuchagua. Suti, glavu nyeupe, keki ya ghorofa. Msiniulize sukari ilipatikana wapi. Mimi nililetewa kipande, nikashukuru Mungu, nikala.

Sasa wazazi wa bwana harusi, Ta Simeo na Ma Paulina, walikuwa wametoka Muleba alfajiri. Mzee kanzu yake ilikuwa na kiraka, na mama hakuwa na viatu. Ta Kalokola akawapeleka uani "wakasimamie ndizi".

Kwa wasiojua: kwetu Wahaya, bibi harusi hupakatwa na wakwe zake. Anaketishwa mapajani mwao kama mtoto mchanga, na kuanzia hapo ni mtoto wa nyumba ile. Anayekupakata ndiye mzazi wako.

Kumbe Ta Kalokola na mkewe walikuwa wameshakaa kwenye viti vya wazazi!

"Ndugu mpigapicha, nguzo zionekane," akaniagiza.

Shangazi wa bibi harusi, mama wa Kashozi asiyeogopa mtu, akauliza, "Waitu, mheshimiwa, wakwe wa mtoto wetu wako wapi?"

"Mimi ndiye niliyemsomesha kijana. Mlete binti, mwanga unapotea."

Bwana harusi alikuwa anatazama viatu vyake. Vilikuwa vizuri, baba mdogo alikuwa amemnunulia.

Bibi harusi, Koku, akapiga magoti, akasalimia kwa adabu zote.

"Baba mdogo, nitakaaje hapo na baba hajaketi?"

"Kaka yangu ana kazi jikoni."

"Basi nitamfuata hukohuko."

Akainuka, akakusanya gauni lake, akapita sebuleni, akatokea uani. Nikamkimbilia na kamera.

Ma Paulina alikuwa anamenya ndizi, mikono imejaa utomvu, na mnajua utomvu wa ndizi hautoki kwenye nguo mpaka Yesu arudi.

"Mwanangu, nitakuchafua!"

"Nichafue, Ma."

Akamkalia. Mama wa watu akanyoosha mikono juu asiguse gauni, utadhani amekamatwa na polisi. Halafu akashindwa, akamkumbatia, akalia. Hapo nikabonyeza. Kisha Koku akahamia kwa Ta Simeo, mzee akawa anacheka tu.

Bwana harusi alikuja mwisho, kichwa chini, akakaa chini kwenye maganda miguuni pa mama yake. Naye nikampiga picha hapo.

Niliporudi verandani, Ta Kalokola alikuwa bado kwenye kiti, mapaja wazi, mikono tayari. Nguzo zilionekana vizuri sana. Nikapiga.

Picha zilipokuwa tayari, hiyo aliirudisha. Alisema imetoka vibaya. Nimeitazama miaka mingi, sijaona kasoro.

Ma Paulina alizeeka mikononi mwa Koku. Ni Koku aliyekuwa akimlisha na kumwosha mpaka Mungu alipomwita. Aliyepakatwa akampakata mwenzake.

Wanangu, sipingi kumbi zenu na maua ya kukodi. Kodini hata ikulu. Ila kabla mpigapicha hajaanza kazi, pitieni jikoni mwone mmemwacha nani.

Na wewe uliyewaweka wazazi meza ya mwisho karibu na spika, usipite kimya. Karibu uchangie, tunakusikiliza.